Waya wa Gia: Kukaza au Kulinganisha?

Katika kufasiri vitabu vya ufundi wa magari, neno moja dogo laweza kuharibu kazi nzima. Tuchukue waya uunganishao wenzo na giaboksi katika gari la gia otomatiki. Je, waya huo hukazwa au hulinganishwa? Historia yatusaidia kujibu.

Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa mtambo wa Hydra-Matic kwa magari ya Oldsmobile ya 1940. Wenzo wake haukuwa na P ya kuegesha. Na R, gia ya kurudi nyuma, ilikuwa jirani na gia nzito ya kupandia mlima. Dereva aliyeitafuta hiyo aliweza kuikuta R. Tangu 1968 kanuni za Marekani zimeagiza kwamba N, yaani frii, ikae kati ya R na gia za mbele, na kwamba starta isifanye kazi gari likiwa katika gia.

Lakini kanuni hupanga herufi tu. Waya ndio uzifanyao ziwe kweli. Waya ukipotoka, dereva husoma N ilhali giaboksi imo katika R. Hivyo fundi huweka wenzo na mkono wa giaboksi katika nafasi moja, ndipo hufunga nati. Kisha huhakikisha kuwa injini yawaka katika P na N peke yake.

Fundi aliyeandikiwa "kaza" atauvuta waya na kuzidisha kosa. Kwa hiyo twapendekeza "kulinganisha waya wa gia". Nazo herufi za wenzo zisifasiriwe, kwani ndizo azionazo dereva.