Eskaveta ya Stima Inachajiwa Wapi?

Leo tutazame kitendawili cha mjengoni. Kreni ile ndefu inayozunguka juu ya ghorofa imetumia stima kwa miaka mingi. Eskaveta iliyo chini yake bado inanguruma kwa dizeli. Kwa nini?

Jibu ni waya. Kreni imesimama mahali pamoja, eskaveta inatembea. William Otis wa Marekani alipewa hataza ya mashine ya kuchimba kwa mvuke mwaka 1839, na tangu hapo desturi ni moja: mafuta hupelekwa ilipo mashine. Migodi mikubwa ilitumia njia nyingine, mashine zikiburuta kebo nene ya stima. Lakini mgodini kuna nafasi. Mjini kebo hiyo itakanyagwa na malori.

Basi ikaja betri. Mwaka 2019 jiji la Oslo, Norway, lilianza kukarabati mtaa wa Olav Vs gate kwa mashine za umeme. Miaka hiyohiyo Pon Equipment, kampuni ya hukohuko, ilichukua Cat 323F, ikang'oa injini ya dizeli na kuweka betri ya kWh 300.

Haya, tupige hesabu. Soketi ya nyumbani ya ampea 13 hutoa kama kilowati 3. Kujaza kWh 300 ni saa 100, yaani siku nne usiku na mchana! Ukitaka saa 2, unahitaji kilowati 150. Mashine tatu ni 450, na zote zinataka kuchaji wakati wa chakula cha mchana.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: seva inazidiwa watu wote wakiingia pamoja. Dawa ni ileile, foleni na ghala. Betri kubwa ndani ya kontena hujazwa polepole usiku, kisha mchana huzichaji mashine kwa kasi.

Shida kubwa ni ratiba. Eskaveta ndiyo hufika mjengoni kwanza, ilhali laini kubwa ya stima kwa kawaida huja jengo likikaribia kwisha. Tangu 1 Januari 2025 Oslo inadai miradi ya ujenzi ya manispaa itumie mashine zisizotoa moshi, kwa hiyo laini lazima iombwe kabla ya shimo la kwanza. Faida yake? Mafundi wanasikilizana bila kupaaza sauti, na hawavuti moshi wa dizeli kutwa nzima.