Elektroni Zikikosa Mteremko

Leo naweka kando PHP na hifadhidata. Nina historia fupi ya fizikia, na inatuhusu sisi wenye kompyuta ndogo hapa Meru.

Mto Kathita hukimbia ukishuka Mlima Kenya kwa sababu kuna mteremko. Elektroni ndani ya waya wa shaba ni hivyohivyo: kila moja hushika njia yake. Lakini kuna maada ambamo ngazi ya nishati imelala tambarare. Wataalamu huiita mkanda bapa. Elektroni hazina pa kukimbilia, na kusukumana kwao ndiko huamua kila kitu.

Jambo hili lina umri. Mwaka 1937 de Boer na Verwey walionyesha kuwa oksidi ya nikeli haipitishi umeme, ingawa nadharia ya siku hizo ilisema ingepitisha. Mott na Peierls wakaeleza: elektroni zinazuiana.

Mwaka 2011 Bistritzer na MacDonald, kule Texas, walipiga hesabu ya tabaka mbili za grafini, kaboni yenye unene wa atomu moja. Weka chandarua juu ya chandarua, zungusha kidogo: yanatokea maumbo makubwa ambayo hayamo katika chandarua chochote. Kwenye digrii 1.1 hivi, mkanda unakuwa bapa. Mwaka 2018 kundi la Jarillo-Herrero huko MIT lilipima. Maada ilikataa kupitisha umeme. Idadi ya elektroni ilipobadilishwa kidogo, ikaupitisha bila ukinzani, kwenye kelvini 1.7. Mwaka 2023 watafiti wa Seattle, wakitumia tabaka za molibdenamu na telurimu, waliona dalili za chaji iliyogawika, bila sumaku ya nje. Hapo ndipo topolojia inapoingia.

Sasa upande wetu. Hesabu ile ya 2011 laptopu inaiweza. Kusukumana ndiko kugumu: kila kituo cha elektroni kina hali 4, hivyo vituo 10 vina hali 1,048,576, na vituo 20 vinapita trilioni moja. Mwaka 2012 shule ya ASESMA ilikuja Eldoret kufundisha Waafrika kukokotoa maada kwa programu huria. Programu za aina hiyo huipa kila elektroni wastani wa wenzake, na kwenye mkanda bapa wastani hautoshi.

Jokofu la kelvini 1.7 siwezi kulinunua. Lakini trilioni zikiongezeka, hata mashine kubwa za Marekani hulemewa. Kinachokosekana ni njia mpya ya kuhesabu, na mwanafunzi wa Nchiru anaweza kuanza kuitafuta usiku wa leo.