Neno la Leo: Nadharia si dhana

Mwaka 2002, katika kaunti ya Cobb, Georgia, nchini Marekani, vitabu vya baiolojia vilibandikwa tangazo kwamba mageuko ya viumbe ni nadharia, si ukweli. Wazazi walishtaki, tangazo likabanduliwa, na mwaka 2006 bodi ya elimu ikakubali kutolirudisha. Hoja hiyo naisikia na kwetu: “Hiyo ni nadharia tu!” Neno limeonewa.

Nadharia limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kutazama; ndugu yake ni nadhari. Katika sayansi ni maelezo yanayofungamanisha ushahidi mwingi uliopimwa, kama nadharia ya vijidudu kusababisha maradhi, na hakuna anayeiita hiyo “nadharia tu” akiwa wodini. Dhana ni ndugu wa kudhani, kisio ni wa kukisia. Watafiti wakiwa na wazo ambalo bado halijapimwa husema nadharia tete. Hilo “tete” lingehitajika vipi kama nadharia yenyewe ingekuwa legelege?

Imani nayo si dhana. Muumini hadhani, anaamini, naye ana haki ya kuyapinga mageuko. Ila ayapinge kwa hoja zake, asilitwishe neno nadharia udhaifu lisilokuwa nao.