Nakala za Tarehe ya Wafalme wa Uhabeshi na Nasaba Zetu



Wafalme wa Uhabeshi walikuwa na waandishi wao, waliozihifadhi habari za enzi zao kwa lugha ya Kige'ez. Mwishoni mwa karne ya 18, Dejazmach Haylu alizikusanya habari hizo zilizotawanyika akaziweka pamoja. Nakala nazo zilisafiri. Alizorudi nazo James Bruce, aliyekaa Uhabeshi tangu 1769 hadi 1771, zimo Oxford; za Eduard Rüppell, aliyefika Gondar katika miaka ya 1830, zimo Frankfurt; na hati nyingi zilizotwaliwa na jeshi la Waingereza Maqdala mwaka 1868 zimo London.

Mwenye kuzilinganisha hati kama hizi huzisoma mstari kwa mstari, na tofauti hazikosekani. Kige'ez kina herufi tatu za sauti ya h, zinazolingana kwa asili na ه, ح na خ za Kiarabu. Matamshi yalipofanana, wanakili wakawa wakiandika hii mahali pa ile. Tofauti hiyo haina uzito. Tarakimu zina hatari zaidi, kwani ya sita na ya saba zashabihiana. Lakini waandishi waliutaja mwaka pia kwa jina la Mwinjili, Mathayo, Marko, Luka na Yohana, kwa zamu. Mwaka usiopatana na Mwinjili wake una kasoro. Tena jicho la mnakili huruka kutoka neno moja hadi neno lilo hilo mstari wa chini, yaliyo kati yakapotea.

Kanuni yao kubwa ni kwamba nakala hupimwa, hazihesabiwi. Kumi zilizotoka kwa mama mmoja ni shahidi mmoja, na kosa wanaloshiriki ndilo linalofichua udugu wao. Nayo nakala changa huenda imetoka katika asili bora kuliko ile kongwe.

Kanuni hii yatuhusu. Katika ukoo wetu, tawi moja liliambiwa kwa miaka mingi kuwa si la kwetu, kwa kuwa karatasi tatu za nasaba hazikuwataja mababu wawili wanaowaunganisha nasi. Nilipozichunguza, niliona zote tatu zimenakiliwa kutoka karatasi moja. Ya nne, iliyotoka mkono mwingine, ina majina hayo mawili. Palipoandikwa "Said bin Muhammad bin Said bin Muhammad", jicho la mnakili liliruka kutoka Muhammad wa kwanza hadi wa pili.

Basi nawausia: karatasi ya nasaba isirekebishwe kwa kalamu, wala isitupwe kwa kuwa inapingana na nyingine. Ipigwe picha kama ilivyo, pande zote mbili, na iandikwe pembeni ya picha, si ya karatasi: nani aliinakili, kutoka kwa nani, na lini. Huenda karatasi mnayoidharau ndiyo inayomrudisha mtu kwao.