Damu ya Mtoto Haijazi Chupa Moja

Ndugu msikilizaji, sisi wa Songea tukiambiwa mtoto amezaliwa na tundu kwenye moyo, swali la kwanza huwa nauli: Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Leo nataka tulitazame swali la pili, la damu.

Ili daktari aufungue moyo, lazima mashine ishike kazi ya moyo na mapafu. Damu ikipita kwenye mipira ya mashine huganda. Kinachoizuia ni heparini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1916. Bila dawa hiyo John Gibbon asingeweza, mwaka 1953 kule Philadelphia, kuziba tundu la moyo wa msichana wa miaka 18. Lakini watoto wawili aliowapasua baadaye mwaka huo walifariki, naye akaacha upasuaji huo.

Mtego uko hapa: dawa inayozuia damu kuganda ndiyo hiyo hiyo inayoifanya ivuje. Kazi ikiisha, madaktari huikata nguvu kwa protamini, dawa itokanayo na samaki. Kwa mtoto hiyo pekee huenda isitoshe. Mtoto wa kilo 5 ana damu kama mililita 400 tu, pungufu ya chupa moja anayotoa mtu mzima. Maji ya kuanzishia mashine huizimua, na nguvu yake ya kuganda hupungua. Ndipo husaidia asidi ya traneksamiki, waliyoivumbua Wajapani Utako Okamoto na mumewe Shosuke mwaka 1962, pamoja na plazma na chembe sahani. Chembe hizo hudumu siku 5 hivi. Haziwekwi akiba kama mahindi ghalani.

Zamani watoto wetu walipelekwa India. Tangu mwaka 2008 moyo hufunguliwa Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mashine zipo, mabingwa wapo. Lakini je, kuna kiwanda cha damu?

Wengi wetu hungoja ndugu augue ndipo tukimbilie benki ya damu. Mimi nasema huko ni kuchelewa. Mtoto wetu akilazwa mezani Dar es Salaam, damu ya kumwokoa imekwisha kutolewa na mtu asiyeijua hata Songea. Deni hilo tulilipe hapa hapa, kwa mama anayejifungua katika hospitali yetu ya mkoa. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4.

Tukutane juma lijalo.