Wa Pili Mara Tatu

Mwaka 1988 marathoni ya Boston, nchini Marekani, iliamuliwa kwa sekunde moja. Ibrahim Hussein wa Kenya alikata utepe kwa saa 2:08:43, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo kongwe. Aliyemfuata kwa 2:08:44 alikuwa Juma Ikangaa, mwanajeshi wa Tanzania, mfupi wa umbo na mrefu wa pumzi.

Ikangaa alirudi Boston mwaka uliofuata, akawa wa pili nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Akarudi 1990. Wa pili tena, safari hii nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki.

Kushindwa huko kulitokana kwa sehemu na namna alivyokimbia. Ikangaa hakuwa mtu wa kujificha kundini akivizia kilomita za mwisho. Alipenda kutoka mapema na kuvuta kasi, na anayeongoza ndiye anayepasua upepo na kupanga mwendo, huku wa nyuma wakitunza nguvu. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane, Australia, mwaka 1982, yeye na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga waliwaacha wengine mbali. Shahanga alipochoka, Ikangaa alibaki peke yake mbele mpaka Robert de Castella, Mwaustralia aliyekuwa nyumbani, alipomfikia. Wakapitana, mmoja akitangulia na mwenzake akijibu, kisha de Castella akashinda kwa sekunde 12 tu.

Mtindo huohuo ndio uliompa siku yake kubwa. Novemba 1989, miezi michache baada ya kuukosa ushindi wa Boston kwa mara ya pili, Ikangaa alishinda New York kwa 2:08:01. Rekodi hiyo ya mbio za New York ilidumu hadi 2001.

Tanzania ilikuwa imekwisha kujifunza kumheshimu mtu asiyeshinda. Oktoba 20, 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katikati ya msukumano wa wakimbiaji na kuumia goti vibaya. Alifungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshatwaa dhahabu zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani, giza likiwa limetanda. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza.

Haikuwa kwamba hakuwa na mbio. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni. Lakini taifa lilimkumbuka kwa Mexico: mwaka 1983 alipewa nishani ya heshima, na mwaka 2008 mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam, naye alikuwa miongoni mwa walioubeba. Ni shukrani iliyomstahili kabisa, ingawa nishani ilichukua miaka 15 kumfikia.

Aprili 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na mwanajeshi kama Ikangaa, alikuwa wa pili Boston. Kabla ya hapo alikuwa amepata shaba ya dunia London mwaka 2017, na kwenye Olimpiki nafasi ya tano Rio na ya 17 Paris. Wengi wangeridhika. Septemba mwaka huohuo, kwenye mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walivuka mstari pamoja, wote wakiandikiwa 2:09:48. Picha ya kamera ndiyo iliyoamua: Simbu alitangulia kwa tofauti ya sekunde 0.03, akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika riadha.

Bado kuna deni moja: dhahabu ya Olimpiki. Medali za Olimpiki za Tanzania ni mbili tu, za fedha, zilizoletwa na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980. Michezo ijayo ni Los Angeles, 2028.