Posho: chakula kilichowamaliza watu wa Kariakoo

Saa 7 mchana, shuka kituo cha mwendokasi cha Msimbazi uingie vichochoro vya nyuma ya soko. Mama ntilie wamepanga masufuria. Ugali au wali? Maharage, mchicha, dagaa, samaki wa kukaanga? Unachagua, unanawa, unakula, unalipa. Hakuna anayekuuliza dini yako, ila soko lenyewe linaijua. Ramadhani ikiingia, mihogo, magimbi na viazi vitamu vinapanda bei kwa sababu ya futari. Ijumaa za Kwaresima, Wakatoliki wanakwepa nyama. Ukivuka kidogo kuelekea Kisutu, kuna Wahindu ambao hawagusi nyama mwaka mzima, na dengu zao na choroko nyingi zinapita humu humu sokoni. Miaka ya karibuni Kwaresima na Ramadhani zimekuwa zikigusana, na Navratri ya machi-aprili nayo ikaingia katikati, yaani kuna wiki ambazo nusu ya mji inafunga kitu fulani.

Nayaeleza haya kwa sababu eneo hili limepewa jina la watu ambao hawakuchaguliwa chakula hata kidogo, na wengi wao walikufa kwa sababu hiyo.

Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, lililoviringishwa na midomo yetu mpaka likawa la kwetu. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na eneo hili likawa kambi ya wapagazi. Vita vilipoisha likabaki jina, na baadaye likaja soko. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu ile ile.

Kwanza tujibu swali ambalo wanafunzi huniuliza: kwa nini watu, na si magari au punda? Jibu ni mbung'o na matope. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa nagana, malori yakazama barabarani mvua ziliponyesha, na reli zilikuwa chache. Wakabaki binadamu. Upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria kwamba karibu watu milioni 1 walipitia kazi ya upagazi na vibarua vya jeshi kati ya 1914 na 1918. Waliokufa, kwa hesabu ya chini, wanakaribia 95,000. Upande wa Wajerumani walikamatwa watu wengi pia, tena mara nyingi bila kuandikwa popote.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu ndogo. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, anakula kilo 1 kwa siku, anatembea kilomita 20 kwa siku. Akienda siku 5 na kurudi siku 5, amekula kilo 10, amefikisha 15. Vizuri. Akienda siku 10 na kurudi 10, amekula 20, amefikisha 5. Akienda siku 12 na nusu na kurudi vivyo hivyo, amekula mzigo wote. Jeshi halijapata hata kijiko.

Dodoma hadi Iringa ni kilomita 260 hivi. Gawanya kwa 20: siku 13. Majeshi ya Jenerali van Deventer yaliifikia reli ya kati pale Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na mwishoni mwa Agosti yalikuwa Iringa. Yaani yalijipeleka yenyewe mpaka pale ambapo mpagazi wa hesabu yetu anafika na mzigo anaouhitaji wote kwa tumbo lake. Siku hizi tunapenda kusema "mfumo wa chakula endelevu". Huu ulikuwa kinyume chake kabisa: mfumo unaojila kadiri unavyorefuka. Zilibaki njia mbili tu za kuukwepa. Ya kwanza, punguza posho ya mpagazi. Ya pili, chukua chakula vijijini njiani. Zote mbili zilitumika.

Neno posho lenyewe lina safari yake. Ni la misafara ya zamani, kabla ya vita: mgao wa chakula anaopewa mpagazi kwa safari. Leo Uganda ukisema posho unamaanisha ugali. Tanzania posho ni pesa ya kikao (na sote tunajua ugomvi wake). Lakini mwaka 1917 posho ilikuwa unga wa mahindi, karibu kila siku, kwa kila mtu.

Hapo ndipo balaa lilipo. Sisi leo tunaona ugali wa mahindi kama chakula cha tangu na tangu, ila kwa wengi wa watu wale ulikuwa mgeni. Waganda walikuwa wanakula ndizi. Watu wa bara kavu walikula mtama, uwele na ulezi. Watu wa Pwani wali, muhogo na samaki. Hata Visiwa vya Shelisheli vilileta kikosi cha watu mia kadhaa, walaji wa wali na samaki, na ndani ya miezi michache sehemu kubwa yao walikuwa wamekufa kwa magonjwa, mpaka waliobaki wakarudishwa kwao.

Unga wa jeshi ulikuwa umesagwa vibaya, chenga na pumba ndani. Wanga wa mahindi unahitaji maji ya kutosha na joto la nyuzi 62 hadi 72 hivi ili chembechembe zake zifumuke na vimeng'enya vya tumbo viweze kuzivunja. Kwa mama ntilie hilo si tatizo: maji yanachemka, uji unatokota kwanza, halafu unga unasongwa, moto upo. Sasa mfikirie mtu aliyefika kambini magharibi, amelowa, kuni mbichi, sufuria moja kwa watu kadhaa, na alfajiri anaondoka. Anakula nusu mbichi. Wanga usioiva hausagwi vizuri, unateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanauchachua, tumbo linajaa gesi na kuharisha, na pumba zinakwaruza njia nzima. Kuhara damu kwenyewe huletwa na bakteria na amiba wanaopita kwenye maji na mikono michafu, ila vijidudu hivyo vilikuwa vinamkuta mtu ambaye tumbo lake limeshachoka, na aliyekuwa anaharisha alikuwa hapati nguvu ya kile kidogo alichokula. Madaktari wa jeshi waliliona hili wakati wa vita. Walipendekeza vyakula mchanganyiko, na wapishi maalumu wapike kwa muda wa kutosha kambini badala ya kila mpagazi kujipikia. Pale pendekezo lilipofuatwa, mambo yalipata nafuu. Lilichelewa tu.

Tusiseme kwamba jeshi halikujua kuwa watu wana miiko na mazoea ya chakula. Lilijua sana! Jeshi la India, lililopigana humu humu kwetu, lilikuwa na utaratibu wa muda mrefu: nyama ya Waislamu ichinjwe kihalali, ya Masingasinga ikatwe kwa pigo moja kwa desturi yao, asiyekula nyama apewe dengu, samli na unga wa ngano. Haikuwa huruma tu. Miaka 60 nyuma, mwaka 1857, uvumi wa mafuta ya ng'ombe na nguruwe kwenye risasi ulichangia kuwasha maasi makubwa ya askari wa India, na maofisa hawakusahau. Mpagazi wa Kiafrika hakuwa na historia ya aina hiyo ya kumtetea. Kwake, chakula kilikuwa uzito tu wa kugawa.

Masika ya 1917 yalikuwa mabaya zaidi. Ulaya ni majira ya kuchipua. Sisi Rufiji ni mafuriko. Mto ulifurika, njia zikakatika, na hata askari wa kikosi cha Nigeria waliokuwa mstari wa mbele walichimba mizizi ya porini, wengine wakala yenye sumu. Kama askari mwenye bunduki alifika huko, pata picha ya aliyekuwa nyuma yake na mzigo kichwani.

Na vijiji je? Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Ugogo, mvua ziliposhindwa baada ya hapo, hakukuwa na akiba wala mikono ya kulima. Wagogo wanaiita njaa ile Mtunya, na ilidumu mpaka karibu 1920. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba kama mtu mmoja kati ya watano alikufa. Kwangu hawa nao ni wafu wa vita, ingawa hakuna aliyewavisha sare.

Tunawakumbukaje? Pale katikati ya mji, Mtaa wa Samora, kuna Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawataja wapagazi. Sanamu yenyewe inaonyesha mtu mmoja mwenye bunduki. Nairobi angalau wamechongewa na mpagazi pembeni.

Makaburi nayo yana habari. Mwaka 1968 makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalihamishwa kutoka Ocean Road kupisha barabara, yakapelekwa kwenye makaburi ya vita yaliyo Barabara ya Bagamoyo. Wazungu walikuwa na alama, kila mtu yake. Waafrika walikuwa wamezikwa katika viwanja vya Wakristo, vya Waislamu na vya wasio Wakristo, bila alama za mmoja mmoja, kwa hiyo wakazikwa upya kwa pamoja na kujengewa kuta za kumbukumbu. Watu waliopikiwa chungu kimoja wakiwa hai walikuja kutenganishwa kwa dini baada ya kufa, na bado majina yao hayakuandikwa.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000 waliokufa katika vita ile hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Julai ya mwaka huo huo soko la Kariakoo, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, likaungua moto, na mji mzima ukazungumzia Kariakoo kwa wiki kadhaa. Sikumbuki kusikia wapagazi wakitajwa hata mara moja kwenye mazungumzo yale.

Australia na New Zealand hukumbuka askari wao kila tarehe 25 Aprili, na wana mpaka biskuti za shayiri zenye jina la jeshi lao. Sisi tuna tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa: mashada, silaha za jadi, viongozi wa dini wakiomba mmoja baada ya mwingine. Ni heshima kubwa. Ila nyumbani, mtu akifa, hatuishii kwenye shada. Waislamu wanasoma hitma na sinia la pilau linashuka. Wakristo wanamaliza matanga kwa ibada na chakula. Wahindu wana siku zao za kuwatolea wazee waliotangulia chakula. Mgeni halali njaa kwenye msiba.

Mimi ningependa Julai moja tuifanye hapo sokoni. Shehe, padre, pandit, kila mmoja kwa sala yake, na majina machache yaliyopatikana yasomwe. Halafu masinia: ugali wa mtama kwa ajili ya waliotoka Ugogo, ndizi kwa Waganda, wali na samaki kwa Wapwani na Washelisheli, dengu kwa asiyekula nyama. Na kama mama ntilie ataleta wa mahindi, ausonge polepole, mpaka uive.